Nyaya na Mawimbi: Kupanga Mtandao wa Nyumba Mpya

Nyumba inapojengwa, mwenyewe hukumbuka mapema mabomba ya maji na nyaya za umeme, kwani afahamu kwamba ukuta ukishapigwa lipu, kuufukua ni gharama. Mtandao wa kompyuta, hata hivyo, mara nyingi huachwa hadi siku ya kuhamia, kwa kudhaniwa kwamba mawimbi ya redio yatafika yenyewe katika kila chumba. Dhana hiyo yafaa kupimwa kwa kanuni za fizikia.

Mawimbi na kuta

Mtandao usiotumia waya, uitwao Wi-Fi, ulipata kanuni zake za kwanza za kimataifa mwaka 1997. Masafa yake makuu ni gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Mawimbi hayo husafiri hewani kwa mwendo wa mita 300,000,000 hivi kwa sekunde. Tukigawanya mwendo huo kwa masafa, twapata urefu wa wimbi: sm 12.5 na sm 6. Mahali pa wazi, umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayopokelewa hupungua hadi robo. Ndani ya nyumba hupungua zaidi, kwa sababu nondo na mabati huyarudisha mawimbi, na maji huyafyonza. Gigahezi 5 hubeba habari nyingi zaidi, lakini hudhoofishwa zaidi na kuta.

Kazi ya waya

Waya wa mtandao una nyuzi 8 za shaba, zilizosokotwa katika jozi 4. Kusokotwa huko kuna sababu. Habari hupelekwa kama tofauti ya volteji baina ya nyuzi mbili za jozi. Vurugu za umeme zitokazo nje huingia karibu sawa katika nyuzi zote mbili. Chombo kipokeacho kinapochukua tofauti, vurugu hizo hujifuta. Waya wa daraja la 6 hupitisha biti 1,000,000,000 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na ukuta hauudhoofishi.

Mpango wenyewe

1. Pachaguliwe kitovu kimoja, pakavu na penye hewa, pa kuwekea ruta na swichi. Kila chumba kipate waya wake kutoka hapo.

2. Mabomba ya plastiki yalazwe ukutani kabla ya lipu, bila kona kali, na kamba iachwe ndani ya kuvutia waya mwingine baadaye.

3. Waya wa mtandao usipite bomba moja na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

4. Vyombo visivyohama, kama televisheni, vipewe waya. Simu ziachiwe mawimbi. Waya mmoja ufike darini katika kila ghorofa, kwa chombo cha kusambazia mawimbi.

5. Banda la uani liunganishwe kwa mkongo wa nyuzi za kioo usio na chuma. Kioo hakipitishi umeme. Hivyo radi haitapata njia kupitia mkongo huo.

Zoezi

Vyumba 5 viko umbali wa mita 6, 9, 12, 15 na 18 kutoka kitovuni, kwa kufuata njia ya mabomba. Kila chumba chahitaji nyaya 2, na asilimia 10 iongezwe kwa ajili ya miisho. Zahitajika mita ngapi? (Jibu: mita 132.) Wanafunzi wachore ramani ya nyumba waijuayo, kisha wafanye hesabu hiyo hiyo.