Kwa Nini Nesi Anasema "Tutakupima Tena"?

Tumekwisha kusema mara nyingi kwamba mama mja mzito aende kliniki mapema, kabla mimba haijafika wiki 12. Leo hatutarudia hilo. Tunataka kuzungumza juu ya jambo linalotokea akishafika huko. Amepimwa damu. Amepimwa mkojo. Amefungwa ile mashine ya presha mkononi. Mara nesi anamwambia, "Mama, kaa pale kwenye benchi kidogo, tutakupima tena."

Hapo moyo unadunda. Wako wanaovuta kanga zao na kuondoka kimya kimya. Wako wanaofika nyumbani wakilia, "Nimeambiwa nina ugonjwa." Kumbe hakuambiwa ana ugonjwa. Ameambiwa apimwe tena. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake ndiyo somo letu la leo. Tunaomba akina baba nao wasome, maana ugomvi mwingi unaotokana na vipimo huanzia kwao.

UNGO NA KIDOLE

Sote tunajua kazi ya kuandaa mchele. Kwanza tunapepeta kwa ungo. Pumba zinaruka, na vitu vizito vinakusanyika upande mmoja. Je, vyote vilivyokusanyika pale ni mawe? Hata kidogo. Mna mawe, mna mpunga usiokobolewa, na mna punje nzuri kabisa za mchele zilizochanganyika humo. Ndiyo maana baada ya kupepeta tunakaa chini, tunachambua kwa kidole, punje moja moja. Hakuna mama anayemwaga sehemu ile yote eti kwa kuwa ina mawe.

Vipimo vya kliniki navyo viko hivyo hivyo. Kipimo cha kwanza ni ungo. Kinapimwa kwa kila mama, hata yule anayejisikia mzima kama ng'ombe wa maziwa. Kazi yake si kusema nani mgonjwa. Kazi yake ni kuwatenga wachache ambao inafaa waangaliwe zaidi. Wataalamu wanaita uchunguzi wa awali. Kipimo cha pili ni kidole. Hicho ndicho kinachothibitisha kama ugonjwa upo au haupo.

Mtu atauliza: kwa nini wasitengeneze kipimo cha kwanza kisichokosea? Swali zuri. Tufanye hesabu kidogo. Hizi si takwimu za mahali popote, ni mfano wa kuhesabia tu.

Tuseme akina mama 1000 wamepimwa. Kati yao 10 kweli wana ugonjwa fulani. Kipimo chetu ni kizuri sana, kinawakamata wote 10. Lakini kwa kila watu wazima 100, kinakosea kwa watu 2. Wazima ni 990. Kwa hiyo kitakosea kwa watu kama 20. Sasa jumlisha: 10 na 20 ni 30. Akina mama 30 wameambiwa wakae benchi, na kati yao 20 hawana ugonjwa wowote!

Angalieni jambo hilo. Kipimo kinakosea mara 2 tu katika 100, na bado wengi wa wale waliotengwa ni wazima. Sababu ni kwamba wazima ni wengi mno kuliko wagonjwa. Sasa chukua wale 30, wapime kwa kipimo cha aina nyingine, kisichokosea mahali pale pale. Wale 10 watabaki. Wale 20 karibu wote watakwenda nyumbani wakicheka. Aliyeondoka benchi mapema hatajua yumo katika kundi gani.

PRESHA NA MKOJO

Presha ni mfano rahisi kuuona. Kwenye kadi huandikwa namba mbili, moja juu na moja chini, kama 110/70. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, nesi anashtuka. Lakini mama huyu labda ametembea kilomita nane juani. Labda ana hofu. Labda amegombana na mtu njiani. Presha hupanda kwa mambo hayo. Kwa hiyo anapumzishwa, halafu anapimwa tena. Ili kusema kweli mama ana presha ya mimba, inatakiwa ionekane zaidi ya mara moja, na kati ya kipimo na kipimo zipite angalau saa 4.

Lakini kuna mpaka. Namba ya juu ikifika 160, au ya chini ikifika 110, hapo hakuna habari ya kungoja saa 4. Hiyo ni hatari ya papo hapo. Anapimwa tena baada ya dakika chache tu, huku matibabu na safari ya hospitali vinaandaliwa.

Mkojo nao unapimwa kwa kile kijiti cha karatasi. Kinatafuta protini. Pale penye rangi ya njano pakigeuka kijani, kuna protini. Protini pamoja na presha ya juu, baada ya wiki 20 za mimba, ni dalili za ugonjwa unaoweza kuleta kifafa cha mimba. Ugonjwa huo hauna uhusiano wowote na mashetani wala na kurogwa, na dawa yake ipo. Lakini kijiti nacho hudanganyika. Mkojo ukichanganyika na uchafu wa ukeni, kinageuka kijani bure. Ndiyo maana nesi anasema: jisafishe, acha mkojo wa kwanza uende, kinga wa katikati. Wengi wanaona haya kuuliza maana yake nini. Ulizeni tu.

MACHO HAYATOSHI

Zamani, na hata leo mahali pengine, mkunga anafunua kope la chini la jicho na kutazama kiganja. Kukiwa kweupe, anasema damu imepungua. Ungo huo ni mzuri kwa kuwa hauna gharama, lakini matundu yake ni makubwa. Unamkamata mama aliyeishiwa damu sana. Yule aliyepungukiwa kiasi anapita bila kuonekana. Kipimo cha damu kwa mashine kinasema namba. Kwa kawaida ikiwa chini ya 11, mama ana upungufu. Ikiwa chini ya 7, upungufu ni mkubwa, na kujifungulia nyumbani kwa hali hiyo ni kucheza na roho, maana hana damu ya kupoteza.

Akipewa vidonge vya madini ya chuma, asivimeze kwa chai. Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Hili tunalisema pembeni tu, lakini tumeona vidonge vingi vikipotea kwa njia hiyo.

MISTARI MIWILI

Sasa tufike kwenye lile linalovunja nyumba. Kipimo cha virusi vya UKIMWI na cha kaswende hufanywa kwa tone la damu ya kidole. Mstari ukitokea pale pa majibu, pamoja na ule mstari wa kuonyesha kwamba kipimo ni kizima, watu wanasema "mistari miwili." Basi, kwa wengi hukumu imekwisha kutolewa.

Kipimo hicho hakioni virusi vyenyewe. Kinaona askari ambao mwili umewatengeneza kupigana navyo. Mara chache kinawaona askari wengine kikadhani ni hao. Kwa hiyo mstari mmoja wa majibu katika kipimo cha kwanza hautoshi. Damu inapimwa kwa kipimo cha aina nyingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nchi zote zitumie vipimo vitatu vinavyokubaliana, ndipo mtu aambiwe ana virusi. Vikipingana, mtu hurudi baada ya siku 14 apimwe tena. Siku 14 hizo ni ndefu, tunajua. Lakini ni afadhali siku 14 za wasiwasi kuliko maisha yote ya kosa.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Mtu akiambukizwa leo, askari wale hawapo bado. Kipimo kitasema hana. Ndiyo sababu mama aliyepimwa mwanzoni mwa mimba akaonekana salama hupimwa tena mimba ikiwa kubwa. Hapo akina baba husema, "Kwani hawakuamini?" Si suala la kuaminiana. Jibu la mwezi wa pili haliwezi kusema habari za mwezi wa nane.

Ikithibitika kweli ana virusi, dawa zipo, na mtoto anaweza kuokolewa. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 mpaka 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, hawafiki 5. Na hapa Tanzania Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu. Anayeyatangaza kisimani anavunja sheria.

Kaswende ina desturi yake tofauti kidogo. Hapa mama huweza kupigwa sindano ya penisilini siku ile ile ya kipimo cha kwanza, kabla ya kuthibitisha. Je, si tumesema kipimo cha kwanza ni ungo tu? Ndiyo. Lakini pimeni hasara mbili. Akipigwa sindano bila kuhitaji, ni maumivu ya siku moja, ilimradi aseme kwanza kama penisilini humdhuru. Akiachwa bila sindano naye anaumwa, na asirudi tena kliniki, mtoto anaweza kufia tumboni. Hasara hazilingani. Kwa hiyo hapo wanatibu kwanza, kuthibitisha baadaye.

Tena, askari wa kaswende hubaki katika damu miaka mingi hata mtu akishapona. Mama aliyetibiwa katika mimba ya kwanza anaweza kuonekana na mstari tena katika mimba ya tatu. Mstari hauna tarehe. Hausemi ugonjwa uliingia lini, wala nani alimpa nani. Baba anayechukua fimbo kwa sababu ya mstari anapiga kwa jambo ambalo kipimo hakikulisema. Kinachotakiwa ni yeye naye kwenda kupimwa na kutibiwa, la sivyo atamrudishia mwenzake.

MTOTO MCHANGA

Mama mwenye virusi amejifungua. Mtoto akipimwa kwa kile kipimo cha kawaida, mara nyingi kitaonyesha mstari. Wazazi wanakata tamaa. Lakini askari wale ni wa mama, wamepita kwa mtoto akiwa tumboni, na wanaweza kukaa naye hadi miezi 18. Kwa hiyo kipimo kile hakifai kwake. Mtoto hutobolewa kisigino akiwa na wiki 4 mpaka 6, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi maalumu, na mashine inatafuta virusi vyenyewe. Akionekana navyo, anaanza dawa mara moja, na damu nyingine inachukuliwa ili kuthibitisha. Na akionekana hana, bado anapimwa tena baadaye, maana ananyonya.

KWA NINI WASITUPIME KIPIMO KIKUBWA TANGU MWANZO?

Wengine husema, kama kidole ni bora kuliko ungo, tuanze na kidole. Haya, chambua gunia zima la mchele kwa kidole uone. Vipimo vya kuthibitisha vinakula muda, vifaa na fedha. Na vingine vina hatari yake. Huko Uingereza, kwa mfano, mama hutolewa damu na kupigwa picha ya tumbo katika wiki ya 11 mpaka ya 14, ili kukadiria kama mtoto anaweza kuwa na sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza. Ikikadiriwa uwezekano ni 1 kati ya 150 au zaidi, anaelezwa kuwa anaweza kupimwa zaidi. Njia mojawapo ni sindano ndefu inayochota maji ya mimba. Sindano hiyo, mara chache, chini ya mara moja katika 100, huharibu mimba. Huwezi kuwachoma wanawake wote sindano ya namna hiyo. Hata yule aliyetengwa anaulizwa kwanza: unataka au hutaki? Wengine wanakataa, na wanaheshimiwa.

Kuuliza basi si kosa hata kwetu. Unapoambiwa majibu, sema tu, "Nesi, hiki ni kipimo cha kutenga au cha kuthibitisha? Narudi lini? Nikiumwa nini nisingoje siku hiyo?" Nesi mzuri atafurahi. Anayekunja uso, muulize tena taratibu.

ZOEZI LA KUJADILIANA DARASANI

Mama ana mimba ya wiki 30. Mwezi uliopita kadi yake iliandikwa 118/76. Leo saa 3 asubuhi imeandikwa 142/92. Kijiti cha mkojo hakikugeuka rangi. Nesi amemwambia apumzike, atapimwa tena saa 7 mchana. Mume wake anasema gari la mwisho la kurudi kijijini linaondoka saa 6, na kwamba mkewe haumwi mahali popote.

Mngewaambia nini wote wawili? Na kama ile ya saa 3 ingekuwa 165/112, je, mngesema vile vile?