Tiketi Moja, Wenye Vyombo Wawili

Wenye vyombo wakikaa pamoja kupanga nauli, si abiria ndiye atakayeumia?

Inategemea. Kama mabasi yao yanapita barabara moja na kugombania abiria wale wale, ndiyo, ataumia. Lakini kama basi linakufikisha stesheni na treni inakupeleka mjini, hesabu inageuka. Mwanauchumi Mfaransa Cournot aliionyesha mwaka 1838.

Tutumie namba za kubuni, gharama tukiziweka kando. Safari ikiwa bure wanasafiri watu 1,200, na kila shilingi ya nauli inapunguza abiria 10. Kila mmoja akijipangia bei yenye faida kwake, wote wawili wataishia kwenye shilingi 40. Abiria analipa 80, wanasafiri 400, mapato ni 32,000. Wakipanga pamoja, bei inayowafaa zaidi ni 60 kwa safari nzima: abiria 600, mapato 36,000. Nauli imeshuka, fedha zimeongezeka! Kila mmoja akiwa kivyake hupandisha bei bila kujali abiria anaomkosesha mwenzake.

Hizo 36,000 zinagawanywaje?

Ugomvi huanzia hapo. Mwanahisabati Lloyd Shapley alipendekeza mwaka 1953 kwamba kila mshirika apate wastani wa kile anachoongeza anapojiunga, ukihesabu mipangilio yote ya nani aanze na nani afuate. Bila treni hakuna safari, na bila basi hakuna safari. Kwa hiyo kila upande unapata 18,000. Akiingia mwenye basi wa pili kwenye njia ile ile, treni inapata 24,000 na kila basi 6,000, kwa kuwa basi lolote kati ya hayo linaweza kuachwa na safari isife. Wenye mabasi wakiungana, wanarudi kwenye 18,000, yaani 9,000 kila mmoja. Kwa matatu za Nairobi, sijasikia hoja ya kuwa na sacco (ushirika wa wenye matatu) iliyo nzito kuliko hii.

Kuna mji uliofaulu?

Hamburg, Ujerumani. Ushirika wake wa usafiri uliundwa mwaka 1965, na tiketi moja hutumika kwenye treni, mabasi na feri.

Programu ya simu haiwezi kuwaunganisha wenye vyombo?

Whim ilijaribu Helsinki kuanzia 2016, ikiuza vifurushi vya mwezi vya usafiri wa umma, teksi na magari ya kukodi. Tatizo la muuzaji wa katikati ni kwamba hana basi wala treni. Wenye vyombo wasipomuuzia kwa bei ya jumla, atanunua tiketi ya mia na kuiuza mia. Kampuni ya Whim ilifilisika mwaka 2024.