Kutunza Magurudumu ya Baisikeli

Mtu wa kijiji anayepeleka mahindi ama mihogo sokoni Kamina, gari lake ni baisikeli. Tairi likipasuka njiani, mzigo unalala porini, na mvua ikinyesha chakula kinaoza. Kwa hiyo tazama magurudumu yako jioni, usingoje asubuhi ya safari.

Kwanza osha. Udongo mwekundu ukiganda kwenye rimu hushika maji, chuma kinaingia kutu, na kutu inakwaruza mpira wa ndani. Maji, kitambaa na sabuni kidogo vyatosha, kisha kausha. Usioshe tairi kwa petroli wala mafuta ya taa, hata kama linang'aa: mafuta hulainisha mpira na kuuharibu. Mawese yakimwagika juu yake, yaondoe upesi.

Mpira wa ndani ukitoboka, pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole. Kitanaswa pale penye mwiba. Mtu anayetia kiraka bila kutoa mwiba atatia kingine kesho.

Sasa upepo. Tangu Dunlop alipoleta tairi la upepo mwaka 1888, kinachobeba mzigo ni upepo, si mpira. Wengine huupunguza wakipakia magunia, wakidhani baisikeli itakwenda vizuri. Hapana! Tairi legevu hujikunja kila mzunguko, ubavu wake unakatika, na jiwe linabana mpira juu ya rimu. Jaza sawasawa kabla ya kupakia.

Wakati wa kiangazi weka baisikeli kivulini, maana jua hupasua mpira. Ikikaa siku nyingi bila kazi, itundike magurudumu yasiguse chini.