Mwache Msanii Asikike

Barua ya wiki hii imetoka kwa mwenye studio ndogo ya kurekodi sauti, Kinondoni, Dar es Salaam. Anaandika:

“Kampuni za matangazo hunitumia maandishi, nami huita wasanii wa sauti wanne au watano warekodi sampuli ili mteja achague. Kila mmoja namwelekeza: hapa panda, hapa shuka, hapa tabasamu. Sasa wateja wawili mfululizo wamerudisha kazi wakisema sauti zote zinafanana. Msanii mmoja mzoefu naye kaniambia harudi tena. Nikiwaachia wasome wapendavyo, si watauharibu ujumbe na mimi nikose kazi?”

Wateja hao wamekwisha kumjibu. Sauti tano zilizofundishwa na mdomo mmoja haziwezi kuwa tano. Prodyuza akimsomea msanii mstari na kumtaka aurudie vilevile, msanii huacha kumfikiria msikilizaji, akabaki kukariri lafudhi ya mwenzake. Mteja analetewa prodyuza mara tano, ilhali alitaka kuchagua kati ya watu watano.

Tatizo linaanzia kwenye kuchanganya usaili, yaani kurekodi sampuli ili mteja achague, na kazi yenyewe. Siku ya kazi msanii ameshapatikana, muda wa studio unalipiwa, na kuelekezana mstari kwa mstari ni halali kabisa. Siku ya usaili mteja mara nyingi hajajua anachokitaka. Ameandika “sauti changamfu yenye heshima”, maneno yanayoweza kusomwa kwa namna kumi, na anangoja asikie ndipo ajue.

Mwaka 1987 mwigizaji wa Marekani, Nancy Cartwright, alikwenda kusailiwa awe sauti ya Lisa, binti wa familia moja katika katuni fupi za kipindi cha Tracey Ullman. Alipofika aliyaona maelezo ya Bart, kaka yake Lisa, mtoto mtundu asiyeshikika. Yakamvutia zaidi, akaomba asome nafasi hiyo. Matt Groening, mbunifu wa katuni hizo, angeweza kumwambia asome alichoitiwa. Alimruhusu, akamsikiliza, akampa kazi palepale. Katuni hizo ndizo zilizozaa The Simpsons, na kwa zaidi ya miaka 30 mvulana huyo ameendelea kusema kwa sauti ya mwanamke huyo.

Kisa cha pili kinatugusa kwa karibu, maana kinahusu The Lion King, filamu ya mwaka 1994 iliyochota majina ya Simba na Rafiki kwenye Kiswahili. Nathan Lane na Ernie Sabella, waliokuwa wakiigiza pamoja katika mchezo wa jukwaani wa Guys and Dolls huko Broadway, New York, walikutana kwenye usaili wakaomba kusoma pamoja kama fisi. Watengenezaji wa filamu walipowasikia wakipokezana maneno, waliona wawili hao si fisi: ni Timon na Pumbaa, marafiki wawili wa Simba. Hakuna maelekezo ya maandishi ambayo yangewafikisha hapo.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki ushahidi upo. DJ Afro wa Kenya amejijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na wengi humfuata yeye hata kama filamu wanaijua. Tangazo la benki si filamu ya mapigano, ni kweli, lakini sikio la msikilizaji ni lilelile: hutambua haraka mtu anayezungumza na mtu anayesomeshwa.

Hofu ya mwandishi kuhusu ujumbe ina msingi. Jina la bidhaa, bei, namba ya simu, kipimo cha dawa na masharti ya mkopo havichezewi, na msanii aambiwe hivyo kabla hajakaribia maiki. Aambiwe pia nani atasikiliza na wapi. Tangazo la mbegu kwa mkulima wa Iringa halisomwi kama la klabu ya usiku. Akishayajua hayo, prodyuza anyamaze. Msanii arekodi kwanza kwa namna yake, kabla hajasikia mtu mwingine akiusoma mstari huo, kwa sababu akishausikia hautamtoka kichwani.

Baada ya hapo aelekezwe, lakini kwa hali badala ya mpando na mshuko. “Unamwambia mama mkwe, na hutaki jirani asikie” humsaidia msanii kuliko “shusha hapa” kumi. Sampuli ya pili ifuate maelezo ya mteja kikamilifu. Wakati wa kutuma, hiyo ya pili itangulie, ya msanii ifuate, na mteja aambiwe wazi ipi ni ipi. Mteja aliyetaka sampuli moja tu apewe moja, iliyo bora.

Jambo moja linasahauliwa mno katika biashara hii. Msanii akibuni kibwagizo kwenye usaili, kisha mteja akakipenda lakini akamwajiri mtu mwingine, kibwagizo hicho kisitumike bila ridhaa na malipo ya aliyekibuni. Wasanii wakijua wanaibiwa, watasoma yaliyoandikwa na kwenda zao.

Kuhusu msanii mzoefu aliyeondoka, mwenye studio ampigie simu leo, amwombe radhi, amwalike kwenye usaili ujao na kumtumia maandishi siku moja kabla.