Unanunua mashua kuukuu? Jua pesa itoke lini na iende kwa nani

Huko Ulaya kuna watu wanaofukuzia mabasi madogo ya zamani ya Volkswagen, yale yaliyoanza kutoka kiwandani 1950. Wanaweka kitanda na jiko ndani, kisha wanazunguka nayo. Kiwayu hufiki kwa gari. Huku mwenye ugonjwa kama huo hununua mashua kuukuu, akatandika godoro chini ya turubai, akapakia jiko la makaa na madumu ya maji, akangoja maji yajae apite Mkanda. Kisha Faza, Kizingitini, Ndau, na hatimaye analala ng'ambo ya Mkokoni, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga.

Raha hiyo ina bei ya laki kadhaa. Na kwa kuwa mnunuzi aweza kuwa Mombasa na muuzaji yuko Kiwayu, pesa hupita kwenye simu kabla watu wawili hawajapeana mkono. Hapo ndipo shida huanzia.

Usitume arbuni kwa sababu ya picha. Rangi mpya huficha mengi. Nenda mwenyewe, au umtume fundi unayemwamini (Matondoni hawakosekani), na uende siku za bamvua maji yanapotoka sana, chombo kikae pakavu mpaka mkuku uonekane. Chukua kisu. Choma polepole ubao ulio karibu na mkuku, kisha ule wa chini ya shetri. Kisu kikizama kama kwenye papai, yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao ameshakula, na nje huoni ila vitundu vidogo. Angalia misumari: doa la kutu linaloshuka chini ya kila msumari maana yake misumari yote inataka kubadilishwa. Ingia ndani uhesabu mataruma yaliyoungwa. Kalafati ikiwa imelegea, pamba inachungulia nje, hilo si la kukutisha. Hiyo ni kazi ya siku chache. Mkuku uliopasuka ndio wa kukufanya ugeuze njia urudi zako.

Swali la pili ni kubwa kuliko la mbao: mashua ni ya nani?

Anayeiendesha si lazima awe mwenyewe. Nahodha aweza kuwa na sehemu yake ya mapato tu. Na mashua kuukuu mara nyingi ni mirathi: mzee alifariki, watoto watano wamebaki nayo, mmoja yuko Lamu, mwingine Mombasa, na mmoja ndiye aliyekupigia simu. Ukimlipa yeye pekee, umenunua ugomvi. Ndugu mmoja akisema hakukubali kuuza, utaikuta mashua imefungwa kamba pwani na wewe pesa zako zimekwisha tumika. Omba kuona cheti cha usajili kutoka kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kama ilikuwa ya kuvulia, uliza BMU ya pale kijijini wanaijua kwa jina la nani. Warithi wote waandike na kutia sahihi, mbele ya mzee wa kijiji au chifu. Karatasi hiyo itaje pia namba ya simu itakayopokea pesa.

Namba hiyo, na jina lake. Unapotuma, simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaenda. Watu wengi hubonyeza tu. Jina lisilo kwenye karatasi, katisha. Ukiambiwa "tuma kwa hii ya shemeji, yangu imejaa", sema utangoja.

Tena kujaa huko kupo kweli, si kisingizio kila mara. Kwa M-Pesa, tangu Agosti 2023, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Tuseme mmekubaliana 600,000. Arbuni ya 50,000 itoke baada ya fundi kukagua na warithi kutia sahihi. Halafu 250,000 siku ya kuishusha majini. Usitume nyingine siku hiyo. Hata ukitaka ni vigumu, maana akaunti yako yenye 500,000 ikishakatwa ada haitoshi mara mbili. Iache mashua ielee usiku kucha. Chombo kilichokaa juani muda mrefu huvuja mwanzo, mpaka mbao zivimbe, lakini asubuhi utajua kama maji yamepungua au mtu amekesha akikumba. Ukiridhika, tuma 250,000 ya pili. Muuzaji awe ameshahamisha zile za kwanza benki, la sivyo hii itakataliwa. Asitegemee kutoa zote kwa wakala wa kijijini. Wakala mdogo hana taslimu ya kiasi hicho dukani.

Ile 50,000 ya mwisho ibaki kwako mpaka usajili uhamie jina lako. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike.

Sasa kwa unayeuza. Usiachie kamba kwa sababu ya sms uliyoonyeshwa, wala hata uliyoipokea. Sms ya uongo huandikwa ikafanana kabisa na ya kweli. Fungua menyu uangalie salio lako mwenyewe. Mtandao ukiwa umekatika, mashua inangoja, na mnunuzi wa kweli atakunywa chai naye angoje. Jihadhari pia na anayelipa, akang'oa nanga, kisha akadai kwamba alituma kimakosa. Ndiyo maana ya kuwa na ile karatasi yenye sahihi: ukiulizwa, unayo ya kuonyesha.

Mnunuzi, kama kweli umekosea namba, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Lakini njia hiyo ni ya makosa ya namba. Haikurudishii pesa kwa sababu mkuku umegunduliwa mbovu baada ya wiki.

Jambo moja zaidi kabla ya kutia sahihi: orodhesha vinavyoenda na chombo. Tanga, foromali, usukani, kamba, makasia. Uliza nanga hasa. Nanga nzuri mara nyingi hulala nyumbani kwa mtu, na siku ya kukabidhiana haikumbukwi.