Ahadi ya Ndoa Haichakai

Somo juu ya Sakramenti ya Ndoa

Katika nchi ya Italia, kando ya Bahari ya Adriatiko, upo mji uitwao Venezia. Mji huo umejengwa majini, juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100. Njia zake ni mifereji ya maji. Ndani ya mji wa kale hakuna motokari; watu huenda kwa miguu, wakivuka madaraja mengi, au husafiri kwa vyombo vya majini. Chombo mashuhuri kuliko vyote ni mtumbwi mwembamba uitwao gondola.

Watu wengi waliooana husafiri mpaka Venezia kutoka nchi za mbali. Wakiisha kukaa katika ndoa miaka 10, au 25, au 50, hupanda gondola wao wawili wakati wa jioni. Hapo hushikana mikono na kurudia maneno ya ahadi waliyopeana siku ya arusi yao. Wengine humlipa mtu awasomee maneno mazuri, na mwingine awapige picha.

Je, tendo hilo ni jema? Je, ni ndoa mpya? Je, laongeza kitu juu ya sakramenti? Na ninyi mnaojifunza dini vijijini, ambao labda hamtafika Venezia kamwe, jambo hilo lawahusu nini? Sikilizeni, maana ndani yake mna fundisho kubwa.

1. Mtumbwi mweusi

Gondola ina urefu wa meta 11 hivi, na upana usiofika meta moja na nusu. Mpiga kasia husimama nyuma, naye hutumia kasia moja tu, upande wa kuume. Ninyi mnaokaa kando ya maziwa na mito mwajua: mtumbwi ukipigwa kasia upande mmoja daima, huzunguka. Basi mafundi wa Venezia waliunda gondola yenye ubavu wa kushoto mpana kuliko ubavu wa kuume. Ukiitazama ikiwa imefungwa gatini, waona imepinda, kama kazi ya fundi mvivu. Lakini mpiga kasia akianza kazi yake, inakwenda sawa kabisa.

Gondola zote ni nyeusi. Zamani matajiri walishindana kuzipamba kwa rangi, vitambaa vya thamani na dhahabu, hata serikali ya Venezia ikatoa sheria za kuzuia anasa hiyo. Mapambo yakaondoka, mtumbwi ukabaki, wala haukupungukiwa na kitu katika safari yake.

Lakini safari yenyewe si ya bei ndogo. Mwaka 2023 wakuu wa mji waliongeza bei ya nusu saa ya mchana kutoka Euro 80 hadi Euro 90. Nauli ya kufika huko na malipo ya chumba cha kulala havimo katika hesabu hiyo.

2. Mkuu aliyeioa bahari

Kwa karne nyingi Venezia ilijitawala, na mkuu wake aliitwa Doge. Kila mwaka, siku kuu ya Kupaa Bwana, Doge alipanda mashua kubwa iliyopambwa kwa dhahabu, iliyoitwa Bucintoro. Alisafiri mpaka mlango wa bahari, karibu na kisiwa cha Lido, akatupa pete majini. Kwa tendo hilo alitangaza kwamba ameioa bahari, iwe chini ya mamlaka ya Venezia siku zote. Mwaka uliofuata alirudi na pete nyingine, akaioa tena.

Mwaka 1797 Napoleon aliishinda Venezia, na utawala wa Madoge ukakoma. Mwaka 1798 askari wa Ufaransa waliivunja Bucintoro na kuyachoma mapambo yake ili wapate dhahabu. Siku hizi meya wa mji hutupa pete baharini kila mwaka, kuwa ukumbusho wa mambo ya kale tu.

Tazameni jinsi arusi ile ilivyo mbali na ndoa ya Kikristu.

Kwanza, bahari haikujibu. Doge alisema peke yake. Bali katika ndoa wawili husema, tena kwa hiari. Eklezya yafundisha kwamba ndoa hufanywa na kukubali kwao wawili, wala hakuna mtu awezaye kukubali badala yao: si baba, si mjomba, si chifu, si mwenye kupokea mahari. Msichana aliyenyamaza kwa hofu hakukubali. Yuko kama bahari ile iliyotupiwa pete.

Pili, Doge alioa apate kutawala. Mume Mkristu haoi apate mtumishi. Mtume Paulo awafundisha waume kuwapenda wake zao kwa mfano wa Kristu, aliyejitoa mwenyewe kwa ajili ya Eklezya yake.

Tatu, Doge alitoa pete mpya kila mwaka, kana kwamba ile ya kwanza imechakaa. Ahadi ya ndoa haichakai. Ndoa ya wabatizwa wawili, ikiisha kufungwa sawasawa na kutimizwa, haivunjwi na uwezo wa mwanadamu ye yote, wala kwa sababu yo yote, isipokuwa kwa kifo.

3. Daraja la wafungwa

Huko Venezia lipo daraja moja la mawe meupe, lililofunikwa juu, liitwalo Daraja la Kuugua. Wenye kuongoza wageni husema kwamba wapenzi wakibusiana ndani ya gondola chini ya daraja hilo, jua linapokuchwa na kengele zinapolia, basi upendo wao hautakoma milele. Hadithi hiyo ilienea sana kwa sinema moja ya mwaka 1979. Lakini daraja lenyewe lilijengwa yapata mwaka 1600 kuunganisha jumba la Doge na gereza. Waliolipita hawakuwa wapenzi. Walikuwa wafungwa, na jina lake lakumbusha kuugua kwao.

Wasafiri wengi hufanya hivyo kwa mchezo tu, wala hapana haja ya kuwahukumu. Lakini mwenye kuamini kweli kwamba busu chini ya daraja litalinda ndoa yake, ana tofauti gani na yule anayemwendea mganga apate dawa ya kumfunga mumewe asimwache? Huyu atumaini jiwe, yule atumaini mzizi. Ndoa hailindwi na jiwe wala mzizi. Hulindwa na neema ya Mungu, na kwa uaminifu wa watu wawili wanaoitumia neema hiyo kila siku.

4. Kurudia ahadi kuna maana gani?

Mtu akisali sala ya Nasadiki kila Dominika, je, abatizwa upya? Sivyo. Aikumbuka imani aliyoungama siku ya ubatizo wake, na kuikiri tena kwa moyo. Ndivyo ilivyo kwa waliooana wanaporudia ahadi yao. Hawafungi ndoa ya pili. Hawapokei sakramenti mara ya pili. Wakumbuka, wamshukuru Mungu, na kuazimia tena.

Kwa hiyo Eklezya haikatazi tendo hilo. Katika kitabu cha Baraka kilichotolewa Roma mwaka 1984 mna ibada ya kuwabariki waliooana katika ukumbusho wa ndoa yao, hasa wakitimiza miaka 25, 50 au 60. Padri huwaalika kumshukuru Mungu na kuazimia tena kuishi katika ndoa takatifu, kisha huwaombea baraka. Hapahitajiki karamu wala safari. Yatosha kanisa la kijiji na moyo wa kweli.

Chukueni mfano huu. Mume na mke walitimiza miaka 25 ya ndoa. Mume alikuwa mtu wa kazi nyingi na maneno machache, na kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa na ubaridi. Akaweka fedha, akampeleka mkewe Venezia, akampandisha gondola. Jioni ilipofika akatoa karatasi na kusoma maneno ya ahadi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza.

Mume akamwuliza, "Je, mke wangu, hukupendezwa?"

Mke akajibu, "Nimependezwa, mume wangu. Lakini maneno hayo si mapya kwangu. Uliyasema mbele ya altare, nami niliyasadiki. Ulisema juu ya siku za ugonjwa. Mwaka ule mtoto wetu alipougua, nilikesha peke yangu usiku mwingi, nawe ulikuwa ukinywa pamoja na rafiki zako. Sikuomba uniahidi tena. Naomba lile uliloahidi kwanza."

Mume akakunja karatasi yake. Hakuwa na la kujibu. Mpiga kasia aliendelea na kazi, maana yeye asipopiga kasia mtumbwi hauendi, hata walio ndani wakisema maneno mazuri namna gani. Walipofika gatini mume akasema, "Nisamehe." Neno hilo halikuwa katika karatasi. Tena liligharimu kuliko safari yote.

Mke alimsamehe, lakini msamaha huo ulikuwa mwanzo tu. Kazi yenyewe iliwangoja nyumbani: jioni ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata.

5. Neno kwa wale ambao mambo yao hayajawa sawa

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Sababu ilikuwa hii: wanaume wengine waliahidiana na wanawake kwa siri, kisha wakakana neno lao na kuoa wengine mbele ya watu. Hata leo Mkatoliki sharti afunge ndoa mbele ya padri au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili. Basi Wakatoliki wawili wanaokaa pamoja bila ndoa hawawezi kurudia ahadi ambayo hawajaifunga, hata wakipanda gondola mia. Waende kwanza kwa padri.

Wengine hukawia mwaka baada ya mwaka, wakisema, "Hatuna fedha za karamu." Waikumbuke gondola nyeusi. Karamu, nguo na ngoma ni mapambo. Yakiondolewa, ndoa haipungukiwi na kitu. Ni afadhali arusi yenye watu wachache na chakula cha kila siku, kuliko kumnyima mke na watoto heshima ya ndoa takatifu kwa ajili ya ng'ombe asiyepatikana.

Nanyi wakatekumeni mliooana kwa desturi ya wazee kabla ya ubatizo, angalieni msidanganyike. Wako wasemao, "Nikibatizwa, mambo yote ya kale yafutika; hata mke wangu si mke tena." Huo ni uwongo. Ubatizo huondoa dhambi, hauondoi ndoa. Mume na mke waliooana kweli kweli, wakibatizwa wote wawili, ndoa yao yenyewe yapata kuwa sakramenti. Lakini yako mambo magumu: mwenye wake wengi, au aliyeachwa na mwenziwe kwa sababu ya imani. Mtu asijikatie shauri peke yake. Amweleze katekista na padri mambo yote mapema, kabla ya siku ya ubatizo.

6. Meza ya Kana

Katika mwaka ule ule wa 1563 mchoraji Paolo Veronese alimaliza picha kubwa ya arusi ya Kana, kwa ajili ya chumba cha kulia cha monasteri ya San Giorgio Maggiore, huko Venezia. Upana wake karibu ufikie meta 10. Askari wa Napoleon waliichukua mwaka 1797, na sasa iko Paris, katika nyumba ya Louvre. Mwaka 2007 nakala yake iliwekwa mahali pale pa kwanza.

Ndani ya picha hiyo mna wageni wengi, wenye nguo za fahari, na wapiga muziki. Mtu akiwatafuta bwana-arusi na bibi-arusi, atawaona wamekaa pembeni, mwisho wa meza. Katikati ameketi Yesu, na Mama yake karibu naye. Huko Kana divai iliwaishia wale maarusi, wala hawakuweza kujisaidia. Maria aliuona upungufu wao, Yesu akauondoa, naye alitumia maji ya kawaida yaliyotekwa na watumishi.

Divai ya kila nyumba huisha siku moja. Siku hiyo wenye mali huenda labda kutafuta nyingine katika nchi ya mbali. Mkristu, awe tajiri au maskini, ajue kwamba Mwenye kuitoa aliketi nyumbani mwake tangu siku ya arusi. Amwendee, na ajaze mitungi yake maji: subira, kazi, msamaha, sala ya jioni pamoja.

Maswali ya kujibu

Kurudia ahadi ya ndoa ni ndoa mpya?
Sivyo. Ni kukumbuka ahadi ile ile, kumshukuru Mungu, na kuazimia kuishika.

Nini hufanya ndoa?
Kukubali kwa mume na mke, kwa hiari yao wenyewe, kwa namna iliyoamriwa na Eklezya.

Ubatizo wavunja ndoa ya desturi?
Hauivunji. Waliooana kweli, wakibatizwa wote wawili, ndoa yao huwa sakramenti.

Ahadi ya ndoa hurudiwa wapi kila siku?
Nyumbani, kwa matendo: penye ugonjwa, penye njaa, penye hasira, na penye kusameheana.