Wati 200 za Redio ya Gari: Tupige Hesabu

Kwetu Chanika, Handeni, redio ya gari inauzwa kwa namba moja tu. Boksi limeandikwa 50W x 4, muuzaji anakwambia wati 200. Wanachuo wenzangu, kabla boom halijaishia dukani, tupige hesabu ya fizikia ya sekondari.

Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 14.4. Spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4. Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani: 14.4 × 14.4 ÷ 4 = karibu wati 52. Kumbe ile 50 imetoka hapo! Lakini hiyo inataka volti zikae juu kabisa muda wote. Wimbi la sauti hupanda na kushuka, hivyo wastani ni nusu: wati 26. Toa zinazopotea ndani ya redio, zinabaki kama 20 safi kwa kila spika.

Huamini? Geuza redio, tazama fyuzi ya nyuma. Nyingi huwa na ya ampea 10. Zidisha kwa 14.4, unapata wati 144. Hizo 200 zitatoka wapi? Na usiweke fyuzi kubwa eti uongeze nguvu; waya utaungua kabla fyuzi haijakatika.

Nikienda BTP nitafundisha hivihivi, redio ikiwa mezani. Wewe ukienda dukani, achana na MAX. Soma RMS ya redio, kisha ya spika, ndipo utoe hela.